Vipuri vya feri ya kusude vya kujitengenezea nyumbani: maswali mnayoniuliza kila siku hapa Goma

Niko na meza ya kutengeneza simu na radio hapa Birere, na karibu kila siku kuko mtu anapita na feri imekufa mkononi, anauliza kama haiwezi kufufuka na kitu cha nyumbani, juu pane ya saizi yake haionekani sokoni ama wanamuuzia karibu bei ya feri nzima. Pane hapa nasema ile ncha ya shaba, si pane ya gari kuharibika. Na nyinyi wa Tanzania na Kenya mnaosoma, feri ya kusude njo ile mnaita pasi ya kulehemu, na eteni ni waya ya risasi ya kulehemu. Nimechoka kuandikia kila mtu peke yake, kwa hiyo nimeweka yote hapa.

Yaya, vitu gani mtu anaweza jitengenezea na gani haifai?

Pane, stendi, mkono wa mbao, waya ya kunyonya eteni, fluksi (dawa ya kusafisha ili eteni ishike): hivyo vyote fanya bila woga. Resistansi (ile waya ya ndani inayotoa joto) ya volti 12 fanya, lakini pole pole na uweke fizible (fyuzi). Resistansi ya volti 220 usifanye, hata kama una miaka ishirini kwenye kazi. Nitaeleza chini, maana hilo njo swali linanitia wasiwasi kuliko yote.

Pane natengeneza na nini?

Shaba nyekundu, waya ngumu ya uzi mmoja, ile wanapitisha ndani ya ukuta wa nyumba. Ya 6 iko na unene wa karibu milimita 2.8, ya 10 karibu 3.6, ya 4 karibu 2.3, na ya 2.5 haifiki hata 1.8 kwa hiyo hiyo ni ya kazi ndogo ndogo ya simu tu. Watu wengi wanapotea hapa, wanasikia waya ya 6 wanafikiri ni unene wa milimita 6, hapana, hiyo 6 ni milimita za mraba, ni ukubwa wa uso wake ukiikata. Chukua pane yako ya zamani upime unene na urefu kabla hujaenda sokoni, usiende na kukisia.

Nyoosha waya na nyundo juu ya mbao, si juu ya jiwe, halafu kata na piga tupa ncha moja. Mi napenda sura ya bisibisi, ama ile ya kukatwa upande kama kwato ya mbuzi, sababu inabeba joto na inagusa vizuri. Wengi wanataka ncha kali kama sindano wakifikiri njo ya kitaalamu, kumbe ukigusa tu mguu wa kipande kikubwa joto lote limeisha na eteni inaganda kabla haijaenea.

Kama tundu la feri ni pana kuliko waya, usiache icheze. Joto linapita pale chuma inagusana na chuma, ile hewa katikati inafanya kazi ya blanketi. Tafuta kipande cha mrija wa shaba wa frigo uvalishe shina, ama chukua nyuzi nyembamba za shaba za kabo laini uzungushe kwa kubana mpaka tundu lijae. Kaza visi (skrubu), washa dakika kumi, zima, ngoja ipoe kabisa, kisha kaza tena, juu shaba ikipata moto inalainika na visi inabaki inaning'inia.

Na tafadhali, hiyo waya nunua ama itoe kwa vitu vya kwako vilivyokufa. Usikate kabo ya mtaa. Watu wanakufa kwa hiyo kazi na mtaa mzima unalala giza.

Nimetengeneza vizuri lakini eteni haishiki, inadondoka kama maji juu ya jani la kolokazi.

Umechelewa. Shaba ikipata moto bila eteni inavaa ngozi nyeusi, na ile ngozi eteni haiwezi kuishika. Fanya hivi: sugua ncha na msasa mpaka iwe rangi ya waridi inang'aa, weka kwenye feri, na kabla ya kuwasha uwe na kolofani (utomvu wa msonobari uliokauka) na eteni tayari mkononi. Washa, tazama rangi. Itaanza kuwa kama rangi ya asali, hapo gusisha kolofani, itayeyuka na kufunika ncha. Halafu endelea kugusisha eteni bila kutoka. Eteni ya 60/40 inaanza kuyeyuka kwa digri 183, kwa hiyo itashika mapema kabla shaba haijachafuka. Ukiona eteni inatambaa yenyewe kuzunguka ncha na kuacha ngozi ya fedha, umemaliza. Ukiona imefika zambarau na hujaweka kitu, zima, ngoja ipoe, sugua upya, usilazimishe.

Mbona pane yangu ya waya inaisha haraka, inatoboka kama jino bovu?

Hiyo ni tabia ya shaba, haukukosea. Eteni ya moto inakula shaba kidogo kidogo, inaiyeyusha ndani yake kama chai inavyoyeyusha sukari. Njo maana pane za kiwanda ndani ni shaba lakini nje zimevalishwa ngozi ya chuma, na huko nyuma wanaongeza kromu ili eteni isipande. Yako haina ngozi, kwa hiyo kwangu mimi kwa kazi ya kila siku inadumu wiki moja, mbili, halafu naipiga tupa naipaka eteni tena, mpaka ibaki fupi. Ikiwa moto kupita kiasi inaliwa haraka zaidi. Usiache feri inawaka saa nzima unaongea na wateja.

Jambo lingine, kila baada ya siku chache itoe kwenye tundu ikiwa baridi, gonga ile ngozi nyeusi itoke. Mi napaka shina risasi ya penseli, ile nyeusi ya kuandikia, inazuia isigande ndani. Isiguse resistansi tu, sababu inapitisha kuran (umeme).

Basi na ya kiwanda ikichakaa nipige tupa pia?

Hapana, hapana. Ukipiga tupa moja tu ngozi ya chuma imetoka na hiyo pane haitapona. Ikiwa nyeusi punguza moto, ifute na kitambaa cha pamba kibichi, chovya kwenye kolofani, paka eteni yenye risasi, rudia mara tano sita. Nyingi zinapona. Ikiwa imetoboka tayari, hapo unaweza kuitoa ngozi yote na kuitumia kama shaba ya kawaida.

Nitajuaje kama waya ni shaba kweli? Sokoni wote wanasema ni shaba.

Kwaruza na kisu, usitazame juu tu. Waya mingi inayouzwa sasa ni aluminyumu iliyopakwa shaba, nje nyekundu, ndani nyeupe. Aluminyumu inayeyuka kwa digri 660 kwa hiyo haitayeyuka kwenye feri, lakini eteni haishiki aluminyumu, na ile ngozi ya shaba ya nje italiwa siku moja tu. Ibebe mkononi pia, aluminyumu ni nyepesi sana, na inakunjika bila kukupinga. Halafu leta sumaku: ikivuta, ni chuma iliyopakwa. Pale umekata pakiwa pekundu mpaka katikati na sumaku haivuti, lipa uende.

Inaniuma kidogo kila mara nikikwaruza na kukuta nyeupe. Sisi ni nchi ya shaba, Katanga yenyewe iliitwa jimbo la Shaba toka 1971 mpaka 1997, na hapa tunatafuta kipande cha vidole viwili kama tunatafuta dhahabu.

Mi niko Lubumbashi, huku mabaki ya shaba ni mingi. Naweza yeyusha nimimine pane?

Shaba inayeyuka kwa karibu digri 1085, mbabula (jiko la makaa) ya jikoni haifiki huko bila kupulizwa hewa kwa nguvu. Mababu wa huko Katanga waliweza, walikuwa na tanuru na mivukuto, njo walimimina zile misalaba ya shaba iliyotumika kama pesa. Lakini kwa pane haina faida ndugu yangu, shaba inapigwa nyundo ikiwa baridi vizuri kabisa. Ikiwa ngumu ipashe moto mpaka iwe nyekundu, chovya kwenye maji, itakuwa laini kama udongo. Piga, tupa, basi.

Msumari je? Uko kila mahali na hauliwi na eteni.

Nimeona vijana wanafanya. Chuma inapitisha joto mara saba ama nane chini ya shaba, kwa hiyo nyuma inachemka na mbele iko vuguvugu. Na kolofani peke yake haina nguvu ya kusafisha chuma, eteni itakataa. Msumari wa bati, ule uliopakwa zinki, ndio mbaya zaidi, ile zinki ikiungua inatoa moshi unaoleta homa na kutetemeka usiku. Shaba ya njano inafaa kidogo kuliko msumari, lakini bado ni kama robo ya shaba nyekundu. Rudi kwa waya.

Resistansi ya feri yangu ya 220 imekatika. Niko na waya ya resho (jiko la umeme), si nikate kipande nizungushe?

Hapa naomba usome mpaka mwisho.

Feri ya wati 60 kwa volti 220 inataka resistansi ya ohmu karibu 807. Hesabu ni 220 mara 220, gawa kwa 60. Ya wati 40 inataka 1210. Resho ya wati 1000 waya yake nzima ni ohmu 48 tu. Sasa ukikata kipande kifupi chenye ohmu 10, wengi wanafikiri kipande kidogo ni moto kidogo. Ni kinyume. Ohmu 10 kwa 220 ni amperi 22, wati karibu 4840, ndani ya kitu unachoshika mkononi kama kalamu. Nilifanya hivyo nikiwa kijana, mwaka wa kwanza wa kujifunza. Nilichomeka, kukatokea mwanga mweupe, mkono wa plastiki ukafunguka katikati ya vidole vyangu, na alama iko mpaka leo chini ya kidole gumba. Fizible ya nyumba njo ilinisaidia, na kuko nyumba mingi hapa wameweka waya mahali pa fizible.

Hata ukipata waya nyembamba ya kutosha, bado kuna shida ya pili. Katikati ya kuran na pane yako kuna karatasi ya mika tu, ile inavumilia moto na kuzuia kuran. Mkunjo mmoja, unyevu kidogo, na ncha ya feri inakuwa na kuran. Itaua simu ya mteja na inaweza kukuua wewe. Nunua resistansi ya kiwanda, ama kata tamaa na hiyo feri uende kwa volti 12.

Na hiyo ya volti 12 inafanyika vipi?

Hii njo nzuri kwetu, juu kuran inakatika na betri ya solari iko karibu kila mahali. Tena ile ile waya ya resho sasa inakuwa rafiki. Pima nzima na multimetre (kipimo cha umeme), itatoa karibu 48. Sehemu yake moja ya kumi ni kama ohmu 4.8, na kwa volti 12 inatoa amperi 2.5, wati 30. Lakini betri inayochajiwa inafika volti 13.8, pale itakuwa karibu wati 40, kwa hiyo anza na kipande kirefu zaidi, ohmu 6, ujaribu, ukiona baridi punguza kidogo kidogo. Kukata ni rahisi, kurudisha hakuna.

Zungusha mika mara mbili juu ya mrija wa shaba ama wa chuma nyembamba, ule pane inaingia ndani yake. Juu ya mika zungusha waya, mizunguko isigusane hata mmoja, ikigusana umepunguza ohmu na itawaka nyekundu pale. Juu yake mika tena, kisha funga na waya ya chuma. Miisho ya waya ya resho usijaribu kuisude, eteni haiishiki na pia ingeyeyuka. Ibane na visi, toa ile shaba ya njano ndani ya domino ya kuunganishia waya, plastiki yake tupa. Weka fizible ya amperi 5 karibu na betri, si karibu na feri. Betri ndogo ya amperi-saa 7 usiitumie zaidi ya saa moja na kitu, ukiimaliza kabisa unaiua.

Mara ya kwanza itatoa moshi, washa nje.

Mika napata wapi?

Pasi ya nguo iliyokufa, resho za zamani, na mashine za kukausha nywele. Pita kwenye saluni uombe zile zimeungua, ndani kuna mika iliyokatwa kama msalaba na juu yake waya ya resistansi imezungushwa tayari, unapata vyote mara moja. Ila ukifungua pasi ya zamani sana ukakuta kitu cheupe ama kijivu kama pamba ya nyuzi nyuzi, funga urudishe. Inaweza kuwa amianti (asbesto), vumbi lake linakaa kwenye mapafu na kuleta ugonjwa miaka mingi baadaye. Mikrowevu pia inayo mika lakini usiifungue, ndani kuna kondansateri inayoshika kuran kali hata ikiwa imechomolewa.

Feri yangu ya wati 60 ni moto sana, inakula pane. Naweza ipunguza?

Diode moja ya 1N4007 kwenye waya mmoja inakata nusu ya kuran na wati 60 inakuwa 30. Ziko nne ndani ya ampule ekonomike (balbu za kuokoa umeme) nyingi zilizokufa, kwenye kile kibao cha chini. Fungua kule chini bila kuvunja ile tyubu, ndani yake kuna zebaki. Weka diode na swichi sambamba nayo ndani ya kisanduku cha plastiki kilichofungwa: ukiwasha swichi moto wote, ukiizima nusu. Hii ni kazi ya 220, fanya ikiwa imechomolewa, na kama hujawahi kushika 220 mwite anayejua.

Saa za jioni feri haiyeyushi kitu, imekufa?

Pima kuran kwanza. Ikishuka mpaka 170, feri ya 60 inabaki na wati 36 tu. Haikufa.

Fluksi ya nyumbani inafanywa na nini? Aspirini inafaa?

Aspirini inasafisha kweli, hasa waya zilizopakwa vanishi, lakini moshi wake unachoma macho na koo, na mabaki yake yanakula shaba polepole, baada ya miezi waya imekuwa kijani. Asidi ya betri na ile maji ya kusude mabati, kamwe kwenye simu.

Kolofani njo dawa. Inatoka kwa utomvu wa msonobari, ule unaoganda kwenye gome. Yeyusha kwa moto mdogo ndani ya kopo la nyanya (si sufuria ya kupikia, naomba), nje ya nyumba, mfuniko karibu, juu ule mvuke unashika moto. Chuja na kitambaa. Ikipoa inakuwa kama kioo cha rangi ya asali, na inapasuka ukiigonga. Ikinata bado haijaiva. Isage, tia kwenye alkoli ya farmasi ya 90, sehemu moja ya unga kwa tatu za alkoli, acha usiku kucha. Alkoli ya 70 ina maji mingi, inatoa ukungu mweupe. Na isikae karibu na feri inayowaka.

Waya ya kunyonya eteni?

Kabo ya sauti ama ya antena ya zamani, ule wavu wa shaba wa ndani. Jaribu kwa kisu kwanza, za antena nyingi siku hizi ni aluminyumu. Uchovye kwenye ile fluksi, ukauke, basi. Kwa miguu ya vipande kuna njia nyingine naipenda: sindano mpya ya farmasi, kata ile ncha kali, ivalishe juu ya mguu, yeyusha eteni huku unaizungusha. Chuma yake eteni haiishiki, mguu unabaki huru katikati ya tundu. Mpya, nimesema, si ya kuokota.

Stendi na mkono?

Stendi: waya ya kutundikia nguo, izungushe juu ya mpini wa ufagio ipate sura ya springi. Uzito wake hapa Goma tunao bure, jiwe la volkano. Langu ni la ule moto wa 2002 uliopita mjini, bapa, lina matundu, nimechomeka waya ndani ya matundu yenyewe. Haliungui na halisogei hata kabo ikivutwa. Kando weka kitambaa cha pamba kibichi. Spoji ya godoro inayeyuka na kupaka pane uchafu.

Mkono ufanye na mbao kavu ya kalitusi, toboa na msumari wa moto. Usitumie tiyo ya plastiki ya maji, ikipata joto inatoa moshi mkali wa asidi. Na kabo chukua ya pasi ya nguo yenye kitambaa, haiyeyuki ukiigusa na feri kwa bahati mbaya.

Mama mmoja ameniuliza: mwanangu anafanya hii kazi chumbani tunapolala, moshi ni wa risasi?

Mama, ule moshi ni wa kolofani, risasi haichemki kwa joto la feri. Lakini moshi wenyewe unaleta pumu, kwa hiyo afungue dirisha na aweke kile kipepeo (feni) cha kompyuta cha volti 12 kivute moshi uende nje. Risasi inaingia kwa mikono. Anawe na sabuni kabla ya kula, asiume eteni kwa meno (namuona kila kijana anafanya), na vumbi la tupa alifute na kitambaa kibichi, lisibaki chini pale mtoto mdogo anatambaa. Na kama anayeyusha sahani za betri ya gari apate eteni ya bure, mzuie leo hii. Ile ni risasi tupu, hata haishiki, na vumbi lake ni sumu kwa watoto wa nyumba nzima.

Kabla ya kuitumia kwa simu ya mteja, najuaje iko salama?

Ikiwa ya 220, ichomoe, weka multimetre kwenye ohmu za juu kabisa, waya mmoja kwenye ncha ya pane, mwingine kwenye kila mguu wa plagi unaobeba kuran, si ule wa ardhi. Isionyeshe kitu. Fanya ikiwa baridi, halafu iwashe dakika kumi, ichomoe, rudia haraka ikiwa moto, sababu kuna mika inayojificha mpaka ipate joto. Ikisoma chochote, hata kidogo, iweke pembeni na usisude nayo.